Msaada: Ushuru wa magari ya Japani unajengwaje, na hili la Marekani linatuhusu vipi?

Mkazi wa Ihumwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mtumishi niliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, na kwa sasa ninatoka Ihumwa kwenda Mtumba kwa daladala na bodaboda. Nimeamua kuagiza gari dogo kutoka Japani. Nililolilenga ni Toyota IST ya mwaka 2014 yenye injini ya cc 1496, kwa sababu kila fundi hapa mjini analijua na spea zake hazisumbui. Nilipoingiza taarifa zake kwenye kikokotoo cha TRA nilikuta kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe, nikafunga kompyuta.

Nina maswali mawili. La kwanza ni namna kodi hiyo inavyojengwa hadi ifike huko, na kama kuna gari la daraja hilo ambalo ushuru wake hauumizi kiasi hicho. La pili ni pana zaidi. Tangu Marekani ilipoanza, Aprili 2025, kutoza asilimia 25 kwa magari yanayotoka nje, hapa ofisini tumegawanyika: wapo wanaosema Wajapani watakosa soko na magari yatamwagwa kwetu kwa bei chee, na wapo wanaosema bei itapanda dunia nzima. Nani yuko karibu na ukweli? Na kama nchi hutoza ushuru wa magari ili kulinda viwanda vyake, sisi tunalinda kiwanda kipi?

Wakala wa Bandarini alijibu:

Ndugu Mkazi, nichukue swali la kwanza kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Hilo la pili nawaachia wenye elimu yake.

Msingi wa hesabu ni thamani ya gari likiwa limefika bandari ya Dar es Salaam, yaani bei ya kununulia pamoja na bima na nauli ya meli. Thamani hiyo si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara yako. Kwa magari yaliyotumika TRA ina kanzidata yake ya bei, na ankara yenye bei ya kutilia shaka haitakusaidia chochote. Tuchukulie kwamba IST yako imethaminiwa kwa shilingi 10,000,000. Ni namba ya mfano tu ili hesabu iwe nyepesi.

Kwanza kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani 2,500,000. Kiwango hiki hakikubuniwa na Tanzania peke yake, kwa sababu kimo katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza kutumika mwaka 2005. Baada ya hapo gari lako ni la 12,500,000 mbele ya macho ya forodha, na kila kinachofuata hutozwa juu ya kiasi hicho kipya wala si juu ya ile milioni kumi ya mwanzo. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyo kati ya cc 1001 na cc 2000 ni asilimia 5, kwa hiyo unaongeza 625,000. Kisha kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari la abiria lililozidi miaka kumi tangu litengenezwe ni asilimia 30, nao ni 3,750,000. Hapo tumefika 16,875,000, ndipo VAT ya asilimia 18 inapowekwa juu ya mzigo wote, sawa na 3,037,500. Jumla ya kodi ni 9,912,500, na gari limekuwa la 19,912,500. Bado sijaweka ada ya forodha ya asilimia 0.6, tozo ya maendeleo ya reli, gharama za bandari, usajili, wala chakula cha wakala.

Ukiitazama hesabu hiyo kwa utulivu utaona kwamba anayekuumiza zaidi ni uchakavu, pamoja na VAT inayotozwa juu ya uchakavu huo huo. Gari hilo hilo lingekuwa na umri wa kati ya miaka minane na kumi, uchakavu ungekuwa asilimia 15 na kodi yote ingeshuka hadi 7,700,000. Lingekuwa chini ya miaka minane, uchakavu usingekuwepo kabisa na ungelipa 5,487,500. Tatizo ni kwamba IST ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2016, kwa hiyo anayeitaka IST leo amejichagulia uchakavu kabla hajafika mnadani.

Sasa linganisha na Passo ya mwaka 2019. Injini yake ni cc 996, na injini isiyozidi cc 1000 haitozwi ushuru wa bidhaa. Tuseme imethaminiwa kwa 13,000,000, yaani milioni tatu zaidi ya IST. Ushuru wa forodha ni 3,250,000, VAT ni 2,925,000, basi. Kodi yote ni 6,175,000 na gari linasimama kwenye 19,175,000. Umenunua gari changa kwa miaka mitano, ghali zaidi kule Japani, na limekutokea kwa fedha pungufu hapa. Wateja wangu wengi huanza kwa kuangalia bei iliyo kwenye tovuti ya muuzaji, kumbe inayofaa kutazamwa kwanza ni mwaka na cc.

Mwalimu wa Uchumi alijibu:

Nimshukuru Wakala kwa hesabu iliyonyooka. Mimi nitaingia kwenye swali la pili.

Wenzako wa pande zote mbili wanachukulia kwamba gari linalokwenda California na gari linalokuja Dodoma ni gari moja. Ushuru wa Marekani wa asilimia 25, ulioanza tarehe 3 Aprili 2025 kwa magari na mwezi uliofuata kwa vipuri, unayahusu zaidi magari mapya yenye usukani wa kushoto yanayotoka kiwandani. Ya kwetu ni yale ambayo Mjapani ameshayaendesha, usukani ukiwa kulia, nayo huingia mnadani pale mwenyewe anapoona ni heri anunue jipya kuliko kulipia tena ukaguzi wa lazima wa serikali yao, ambao kwa gari jipya huja baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili. Kwa hiyo wingi wa magari ya mtumba hutegemea kasi ya Wajapani kubadilisha magari yao, na kasi hiyo haipangwi Washington. Mwaka 2021, dunia ilipopungukiwa na chipu za kielektroniki, viwanda vilitoa magari mapya machache, Wajapani wakayashikilia ya zamani, na bei za mtumba zikapanda. Ushuru wa Marekani ungeweza kutufikia kwa njia hiyo hiyo iwapo ungewalazimisha watengenezaji kupunguza magari ya soko la nyumbani. Walichofanya zaidi ni kuubeba mzigo wenyewe. Agosti 2025 Toyota ilitangaza kwamba ushuru huo ungeigharimu takriban yeni trilioni 1.4 katika mwaka wa fedha unaoishia Machi 2026, na Septemba kiwango kwa magari ya Japani kikashushwa hadi asilimia 15 kwa makubaliano ya serikali hizo mbili.

Mambo yanayoigusa bei yetu kwa karibu ni mengine. Agosti 2023 Japani iliipiga marufuku Urusi kununua magari yake yenye injini zaidi ya cc 1900, pamoja na ya mseto na ya umeme. Mnunuzi mkubwa kama huyo akiondolewa mnadani, waliobaki hupumua. Mwaka 2024 yeni ilidhoofika hadi kuvuka 160 kwa dola moja, jambo lililopaswa kutufurahisha, ila aliyekuwa akiagiza gari kipindi kile anakumbuka jinsi dola yenyewe ilivyokuwa ya kutafutwa benki hadi benki.

Nije kwenye kiwanda. Ushuru wa forodha unaweza kufanya kazi ya kulinda pale tu mnunuzi anapokuwa na gari la ndani la kukimbilia. Kusipokuwa nalo, analipa, anaondoka na gari lake, na ushuru unabaki kuwa njia rahisi ya serikali kukusanya mapato, rahisi kwa sababu gari haliwezi kufichwa mfukoni na karibu yote hupita lango moja. Hapa kwetu hali iko katikati. Kibaha, mkoani Pwani, malori ya FAW yanaunganishwa. Nairobi wanaunganisha Isuzu, Mombasa kuna kiwanda kinachounganisha magari ya kampuni mbalimbali, na Kigali Volkswagen ilianza mwaka 2018. Viwanda hivyo huingiza gari likiwa vipande kwa ushuru wa asilimia sifuri, ilhali gari lililokamilika hutozwa 25, na pengo hilo ndilo ulinzi wao. Kwa kuwa ushuru ni wa pamoja, sehemu ya unachokilipa wewe wa Ihumwa inamkinga muunganishaji wa Mombasa. Sisemi ni vibaya. Ninasema tu kwamba ulinzi huo haufikii soko lako, maana mtu mwenye milioni ishirini hachagui kati ya IST ya mtumba na gari jipya lililounganishwa Afrika Mashariki; hilo jipya halimo katika uwezo wake hata ushuru ukipandishwa.

Afrika Kusini walilitazama tatizo hilo hilo wakachagua njia kali: magari yaliyotumika hayaruhusiwi kuingizwa kwa matumizi ya kawaida. Wana Toyota Durban, BMW Rosslyn na Mercedes East London, na sehemu kubwa ya magari yao huuzwa nje. Lakini angalia jinsi ushuru wa watu wengine ulivyowafikia. Waliokuwa wakipeleka magari Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA waliamka Aprili 2025 wakiwa na asilimia 25 mlangoni. Kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya soko la ng'ambo hubaki mateka wa forodha ya ng'ambo.

Kwa wanaodai kwamba tukipandisha ukuta viwanda vitakuja, nawaomba waisome habari ya Australia. Miaka ya 1980 ushuru wao wa magari ulifika asilimia 57.5. Nyuma ya ukuta ule kampuni kadhaa zilitengeneza aina nyingi za magari, kila aina kwa idadi ndogo, na gari linalotengenezwa kwa idadi ndogo haliwezi kuwa rahisi. Ushuru uliposhushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 5 mwaka 2010, Ford ilifunga uzalishaji Oktoba 2016, nazo Toyota na Holden zikafuata Oktoba 2017. Marekani yenyewe ni kisa tofauti. Mwaka 1981 Japani ilikubali kujiwekea kikomo cha magari milioni 1.68 kwa mwaka, na mwaka uliofuata Honda ikaanza kuunda magari Ohio. Soko la ukubwa ule linastahili kujengewa kiwanda. La kwetu, kwa magari mapya ya abiria, bado ni jembamba mno.

Fundi wa Kizota alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimekusoma na sina ubishi na Australia, ila naomba tuuguse huu ushuru wa uchakavu, kwa sababu mimi ndiye ninayeishi na matokeo yake.

Uliwekwa ili tusigeuzwe jalala la magari chakavu, na nia hiyo naielewa. Lakini unatozwa mara moja tu, bandarini. Gari likishapita pale linaweza kuzeeka hadi liote kutu na hakuna atakayelidai chochote kwa uzee wake. Hata ile ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo anayeadhibiwa ni yule anayetaka kuleta gari la miaka kumi na moja, wakati mwenye gari la miaka ishirini na tano ambalo tayari liko mjini anapita bila kuulizwa.

Ninapoandika haya kuna Corolla ya namba B hapa uani. Boksi ya gia ilitoka kwenye gari lililopata ajali. Taa moja ya mbele imekuwa ya njano kwa uzee na nyingine ni mpya ya Kichina, na nati za mkono wa chini zimefunguliwa mara nyingi mpaka nyuzi zimekwisha, tumezishika kwa kulehemu. Mwenye nalo ni mwalimu wa shule ya msingi. Angependa kununua gari la 2012 au 2013 ambalo lingekuwa salama kuliko hili mara kadhaa, ila kwa hesabu aliyoiweka Wakala hapo juu, gari hilo analilipia mara mbili. Anaona bora aniletee injini ya mtumba. Mimi napata kazi, sikatai, lakini barabara ya kwenda Kondoa haimpi nafuu mtu kwa kuwa amekwepa uchakavu.

Wakenya wao hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 wamekataza yaliyozidi miaka kumi na mitano. Sisi tumeruhusu yote kwa bei. Naona hii ya kwetu ingefaa zaidi kama mwaka wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja ungepanda taratibu, badala ya kuruka kutoka 15 hadi 30 kwa mkupuo.

Mama Alizeti alijibu:

Wanangu, nyinyi mnazungumzia magari ya kuendea ofisini. Mimi nanunua alizeti vijijini Singida na mahindi ninayoyapeleka soko la Kibaigwa, na sina lori, nakodi. Mwenye Fuso akinunua tairi, springi na matengenezo kwa bei ghali, haniambii habari za forodha wala VAT. Ananiambia tu kwamba kuanzia leo gunia linabebwa kwa bei nyingine. Nami bei ya sokoni siipangi mimi, kwa hiyo nikifika shambani namwambia mkulima kwamba mwaka huu gunia lake nitalichukua kwa pungufu. Huyo mkulima hajawahi kuagiza hata baiskeli kutoka nje. Ningependa Mwalimu anieleze kama waliopanga viwango hivi huwa wanamhesabu.

Mwalimu wa Uchumi alijibu:

Shikamoo mama. Wanamhesabu kwa sehemu. Matrekta ya kilimo huingia kwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri, na uchakavu wa magari ya mizigo hutozwa kwa kiwango kidogo kuliko ule wa magari ya abiria, kwa sababu hii hii uliyoitaja. Lakini unafuu huo uko kwenye lori lenyewe linapoingia. Vipuri vina viwango vyake, na lori linalofanya kazi kwenye barabara zetu hula vipuri maisha yake yote. Ulichokieleza kuhusu mkulima ndicho wachumi wanachokitafuta kwa mahesabu marefu: mzigo wa ushuru huteremka hadi kwa yule asiye na wa kumsukumia.

Na wewe Fundi, marahaba. Hoja yako ya kupandisha uchakavu mwaka kwa mwaka ninaiunga mkono, tena haihitaji kibali cha Jumuiya. Uchakavu kisheria ni aina ya ushuru wa bidhaa, na ushuru wa bidhaa ni wetu wenyewe na hurekebishwa kwa Sheria ya Fedha hapa hapa bungeni Dodoma. Ule wa asilimia 25 ndio ambao Waziri hawezi kuugusa peke yake. Mabadiliko yake hupitia kwa mawaziri wa fedha wa nchi wanachama na kutangazwa katika Gazeti la Jumuiya, ingawa nchi huweza kuombewa ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja. Kwa mfano wa Wakala, ushuru wa forodha ungeshuka kutoka 25 hadi 10, IST ile isingepungua kwa 1,500,000 tu. Ingepungua kwa 2,389,500, kwa kuwa kila kodi iliyo juu yake nayo ingepungua. Ndiyo maana upande wa mapato huwa mgumu sana kukubali punguzo kwenye ngazi ya chini kabisa.

Mkazi wa Ihumwa aliandika:

Nawashukuru sana wote, na mama, maneno yako yamenifikirisha. Nimeanza kuelekea kwenye Passo, ingawa nina wasiwasi na uvungu wake, maana kila mwisho wa mwezi ninakwenda kijijini Chamwino na kilomita za mwisho ni vumbi na makorongo. Ndugu Wakala, nina swali moja la kumalizia: kuna miezi ambayo ni afadhali kuagiza kuliko mingine?

Wakala wa Bandarini alijibu:

Ipo, kwa sababu mbili. Kiwango unachotozwa ni kile kinachotumika siku tamko lako la forodha linapowasilishwa, hata kama gari ulilipia zamani. Bajeti husomwa Juni na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo gari lililopakiwa Japani mwezi Mei linaweza kukutana na sheria ambayo haikuwepo ulipotuma fedha. Safari ya meli ni ya wiki kadhaa, na meli nazo huchelewa.

Sababu ya pili ni umri. Unahesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo gari lililo ukingoni mwa miaka minane au kumi likipakiwa Desemba linaweza kufika Januari likiwa limevuka mstari baharini. Passo ya 2019 ina nafasi bado, ila usimruhusu muuzaji akupe ya 2018 kwa kisingizio kwamba zinafanana. Mwombe picha ya cheti cha usajili cha Japani kabla hujalipa, na usichanganye tarehe ya usajili wa kwanza iliyo kwenye cheti na mwaka wa kutengenezwa; namba ya chasisi ndiyo itakayokwambia gari lilitengenezwa lini.

Kuhusu makorongo ya Chamwino, muulize Fundi kama springi zinaweza kuinuliwa kidogo.

Fundi wa Kizota alijibu:

Zinainuliwa, kaka, kwa spesa za juu ya shoksi. Usizidishe kimo, la sivyo CV joint zitaisha mapema, na za Passo hapa Dodoma bado si nyingi kama za IST. Likifika lipitishe gereji kabla hujakwenda nalo kijijini.